Majira ya Ini

Pu Xiurong aliingia kiwanda cha hariri akiwa na miaka kumi na saba, na kwa miaka ishirini na mbili vidole vyake viliishi ndani ya maji ya moto. Kazi yetu pale Nanchong ndiyo ilikuwa hiyo. Vifuko vya viwavi vinachemshwa, unatia mkono kwenye beseni, unaitafuta ncha ya uzi kwa kupapasa, unaiunga na nyingine, unaiacha mashine ivute. Beseni lake lilikuwa la arobaini na mbili. La arobaini na tatu lilikuwa la Lai Yunfang. Mimi nilikuwa nachambua vifuko nyuma ya ukuta wa kioo, kwa hiyo niliwaona siku nzima bila kuwasikia: mdomo wa Yunfang haukutulia hata dakika, na Xiurong, uso mkavu kabisa, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokuwa akikibana ili msimamizi asimwone.

Maji yale yalitula sote. Ngozi ya vidole ilikuwa nyeupe, imevimba, inachubuka, na ukifika miaka thelathini viungo vinaanza kujikunja vyenyewe. Daktari wa zahanati ya kiwanda, mzee mmoja aliyevaa kofia ya sufi mwaka mzima, akawa anatukusanya uani wakati wa mapumziko ya asubuhi na kutufundisha chigong, mazoezi ya kwenda taratibu, pumzi na viungo pamoja. Wengi wetu tulikwenda ili tuikwepe mashine robo saa. Xiurong alikwenda kujifunza.

Kiwanda kilipofungwa, tulitawanyika kama vifaranga. Yunfang alipata kazi ya kuosha bakuli kwenye kibanda cha tambi za supu ya kondoo. Xiurong, ambaye mumewe alikuwa amekufa kwa kifua na hakumwachia mtoto, alishona mifarishi ya hariri nyumbani. Lakini kila alfajiri walikutana kwenye ngazi za mto Jialing, wawili tu, wakanyoosha mikono yao iliyoharibika. Nikajiunga nao. Akaja mwingine, akaja na dada yake. Baada ya miaka kumi tulikuwa arobaini, na tulikuwa tunamwita Xiurong Mwalimu.

"Mwalimu wa nini? Nimeishia darasa la tano," alisema, lakini masikio yalimwiva kwa furaha.

Alifundisha kwa kufuata majira. Wakati wa baridi tulifanya machache tu, miili yetu ikitunzwa kama makaa chini ya majivu. Ila watu walivuka daraja kutoka ng'ambo kwa ajili ya majira ya kuchipua. Siku ya kwanza ya majira hayo kwetu huangukia mwanzoni mwa Februari, baridi bado inang'ata, na siku hiyo alituamuru tufungue nywele, tulegeze mikanda, tusibane kitu chochote mwilini. Mikono ilipanda kutoka mapajani polepole mno, hata ukadhani haipandi. Kisha kiuno kinageuka, macho yamefumbuliwa wazi yakiufuata mkono, na pumzi inatoka katikati ya meno: shyuuu.

"Msisukume," alikuwa akipita katikati yetu. "Chipukizi halivutwi, litakukatikia mkononi. Haya ni majira ya ini. Hasira zenu za mwaka mzima zimelala humo, sasa zinaamka pamoja na majani. Zipeni njia zitoke."

Wakati huo ndipo Yunfang alipokuwa akifika, amechelewa, chanuo mdomoni, koti limefungwa kifungo cha pili kwenye tundu la tatu.

"Dada Pu, ini langu liliamka tangu jana. Limeamshwa na yule mume wangu."

"Nyamaza, pumua."

"Nikinyamaza nitapumuaje? Si unajua mimi napumulia mdomo?"

Arobaini wote tunacheka, pumzi zinaharibika, na Mwalimu anageuka kutazama mto ili tusimwone naye.

Mume huyo, Tong Shaowu, alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, mtu mkubwa, mzito wa maneno. Hakukanyaga kwenye ngazi zile hata mara moja. Asubuhi zake alizimaliza chini ya daraja, akicheza mchezo wa vigae, ule wa mezani, na madereva wenzake.

Mwaka ninaousimulia, Yunfang alikuwa na miaka sitini na moja. Mwishoni mwa Februari nilimwona akiinuka kutoka kwenye kuinama huku ameshika ubavu. Mwezi wa tatu ulipoanza, akasema.

"Dada Pu, hapa." Akagusa chini ya mbavu za kulia. "Kama nimemeza jiwe. Halafu chakula sikitaki. Mimi! Jana nimeacha bakuli la tambi nusu, mwenye kibanda akadhani nimegombana naye."

Xiurong alimbonyeza kwa vidole vyake vilivyopinda, akamwambia atoe ulimi, akautazama.

"Ini," akasema. "Ni msimu wake. Umemkasirikia Shaowu baridi nzima, sasa linakudai."

"Nifanyeje?"

"Kwanza uwahi, japo mara moja maishani mwako. Halafu zidisha lile zoezi la kugeuza kiuno. Maua ya ng'ambo yakianguka, na hili litakuwa limepita."

Ng'ambo ya mto mashamba ya mbegu za mafuta yalikuwa yamepasuka njano tupu. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, na kusema kweli sikushtuka. Hakuna aliyeshtuka. Mwalimu alikuwa amepatia mara nyingi. Bega langu ndiye aliyelifungua. Jirani yangu aliyekuwa halali, alilala.

Yunfang akatii. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mwanamke ambaye hakuwahi kuwahi hata siku ya harusi yake, alikuwa wa kwanza kwenye ngazi kwa siku arobaini mfululizo, nywele amezifungua mapema, koti limemlegea kwa kukonda, anageuza kiuno kushoto, anageuza kulia, shyuuu, shyuuu, peke yake kwenye ukungu. Tukifika anasema, "Mmechelewa, wavivu nyie!"

Asubuhi moja katikati ya Aprili, Mwalimu hakumruhusu afungue nywele. Alimshika mkono juu kidogo ya kiganja.

"Macho yako yamekuwa ya njano. Twende."

"Twende wapi? Sijaanza hata zoezi."

"Twende, Yunfang."

Walipanda teksi na viatu vyao vya mazoezi. Hospitalini walikuta uvimbe kwenye mirija ya nyongo, na ulikuwa umekwisha kuingia kwenye ini. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, aliuliza maumivu yalianza lini. Wakamwambia.

"Mngekuja mwanzoni, huenda," akasema.

"Huenda nini?" akauliza Xiurong.

"Huenda tungeweza kukata. Huenda isingebadili kitu. Sijui, mama."

Alimuuliza mara tatu. Mara tatu daktari akajibu vilevile. Neno hilo "huenda" Xiurong alirudi nalo nyumbani, na akaishi nalo.

Yunfang alikufa mwezi wa kumi na moja. Binti yake wa pekee, Tong Rui, alikuwa mwalimu wa shule Chengdu. Tangu akiwa mtoto alimwita Xiurong mama mkubwa, na alikuwa akila kwake kila kiwanda kilipombakiza mama yake zamuni. Siku ya kuaga maiti tulikuwa tumejipanga mbele ya picha ya marehemu, kila mtu na ua lake jeupe kifuani. Zamu ya Xiurong ilipofika, Rui akasimama mbele yake.

"Mama alinipigia simu mwezi wa tatu. Nikamwambia, nenda hospitali. Akaniambia, hapana, Dada Pu amesema ni majira tu." Sauti ilimpanda. "Majira tu! Haya, majira yamepita. Mama yangu yuko wapi?"

Tong Shaowu alisimama kando ya picha ya mkewe, anatazama viatu vyake. Xiurong hakujitetea. Aliinama mara tatu kama inavyopasa, akatoka, akarudi mjini kwa miguu, mwendo wa saa mbili, kwenye mvua nyembamba.

Toka hapo akafunga mlango. Nilikuwa nampelekea supu, naye ananifungulia kwa sababu tu nilikuwa nagonga bila kuchoka.

"Dada, chigong haikumuua Yunfang," nilimwambia siku moja.

"Chigong haikusema kitu," akanijibu. "Aliyesema ni mimi."

Siku ya kwanza ya majira ya kuchipua ilifika. Tulimsubiri kwenye ngazi hadi jua likatoka. Nilimkuta ameketi kitandani, koti limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, nywele zimebanwa kwa mpira kwa nguvu hata ngozi ya uso imevutika. Vidole vilikuwa vimejikunja kama miguu ya kuku. Baridi nzima hakuvinyoosha.

"Waambie waende kule uwanjani kwa wale wenye spika, wakacheze dansi," akasema. Nusu yao walikwenda kweli.

Wiki mbili baadaye nilikuwa pale namwaga supu kwenye bakuli, mlango ukagongwa. Alikuwa Tong Shaowu. Alijaa mlango mzima, kofia mkononi.

"Shemeji," akasema Xiurong. Hakumkaribisha ndani.

"Nimekuja unifundishe," akasema. "Yale ya majira ya kuchipua."

Xiurong alimpima kwa macho, juu hadi chini. "Umekuja kunidhihaki?"

"Hapana." Akaizungusha kofia. "Kule hospitalini, alikuwa anataka kuyafanya. Mikono haipandi. Akaniambia nimshike kwa chini, nimnyanyulie. Basi nikawa namnyanyulia kila asubuhi. Na kila asubuhi ananiambia, Shaowu, unasukuma. Polepole, unasukuma. Hadi siku ya mwisho. Sikuwahi kupatia. Nataka kujua nilikuwa nakosea wapi."

Bakuli lilinichoma vidole, nikaliweka chini. Xiurong alisogea, akampisha.

Walifanyia sebuleni, kati ya kitanda na cherehani, maana Xiurong alikataa kwenda mtoni. Kila asubuhi alikuja, na mimi nilikuwepo, kwa kuwa mjane na mgane wakifungiwa chumba kimoja mtaa wetu haulali. Mwili ule ulikuwa umekaa kwenye kiti cha lori miaka thelathini. Mabega hayashuki, kiuno hakigeuki. Xiurong alisimama mbele yake, akaweka mikono yake mibovu chini ya mikono ya yule mwanaume, kama alivyokuwa akifanya yeye kwa mkewe.

"Legeza. Nibebeshe uzito wote. Si hivyo, unajibeba mwenyewe."

"Hivi?"

"Bado unasukuma. Unataka afike juu haraka. Ukimnyanyulia mtu, unamngoja. Anavuta pumzi, ndipo unapanda. Pumzi yake ikisimama, nawe unasimama."

"Pumzi yake ilikuwa fupi," akasema Tong.

"Basi ungepanda kidogo tu."

Akaanza kulia hapohapo, mikono ikiwa juu, bila sauti. Xiurong hakuishusha. Alimshikilia hadi alipomaliza, kisha wakaanza upya. Mimi nilitazama dirishani. Siku zile, nasema kweli, niliona rangi ikirudi usoni mwa Xiurong. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeanza kunyooka. Siku moja alilegeza mpira wa nywele. Nikajiambia, tumevuka.

Siku ya kufagia makaburi, mwanzoni mwa Aprili, Rui alikuja kutoka Chengdu. Hakumkuta baba yake nyumbani. Majirani, nao hawana dogo, wakamwelekeza. Aliingia bila kugonga, ameshika maua ya kaburini, akawakuta wawili hao wamesimama uso kwa uso, mikono imeinuliwa.

"Baba! Kwa huyu?"

"Rui, keti," akasema Tong.

"Sikai humu. Mama hajamaliza miezi sita, nawe unajifunza upuuzi uleule uliomuua, kwa mtu yuleyule?"

Xiurong alishusha mikono, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. "Ana haki," akaniambia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. "Mwacheni aseme."

"Hana haki yote," akasema Tong Shaowu. Sijawahi kumsikia mtu akisema kwa taabu kama ile. "Rui, mama yako aliniambia. Siku mbili baada ya kuongea na wewe. Aliniambia, Shaowu, nipeleke hospitali, naogopa kwenda peke yangu. Mimi siku hiyo nilikuwa na mashindano ya vigae kule chini ya daraja. Nikamwambia, mwalimu wako si amesema ni ini? Tutakwenda wiki ijayo."

"Halafu?"

"Hakuniomba tena."

Midomo ilimtetemeka Rui kama mtoto anayetaka kulia mbele ya wageni. Aliyaweka maua juu ya cherehani, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika, akatoka. Tulimsikia akishuka ngazi za jengo, ghorofa moja baada ya nyingine, hadi mlango wa chini ukajifunga.

Tong akafanya kama anamfuata, ila Xiurong alikuwa mbele ya mlango.

"Miezi mitano," akamwambia. "Ulisimama pale kando ya picha yake. Ulinisikia nikiulizwa mbele ya watu wote. Miezi mitano nimeamka na hatia hii, nimelala nayo, na wewe ulikuwa na nusu yake mfukoni."

"Niliogopa, Mwalimu."

"Yeye ndiye aliyekuwa anaogopa! Hakukuomba dawa. Alikuomba umsindikize hadi mlangoni!"

Akampiga. Alimpiga kifuani, begani, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, na vidole vile vilivyopikwa miaka ishirini na mbili havikuweza hata kukunjika ngumi, kwa hiyo alikuwa anampiga kwa viganja, kama mtu anayegonga mlango usio na mtu. Tong hakujikinga. Xiurong alipochoka alikaa sakafuni na akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Baada ya muda akasema, "Toka, shemeji." Akatoka.

Kulikuwa na siku ambazo nilidhani tutamzika Xiurong naye mwaka huohuo. Hakufa. Mwaka uliofuata, majira ya kuchipua yalipofika, alirudi kwenye ngazi, tukiwa tumebaki kumi na tatu. Lakini alirudi na sharti. Kabla ya siku ya kwanza kila mmoja lazima aende kupimwa, na amletee karatasi ya daktari aione kwa macho yake. Wasiokwenda peke yao anawasindikiza mwenyewe, anaketi nao kwenye benchi hadi waitwe. Mtu akilalamika kiungo chochote, hambonyezi tena, haangalii ulimi. Anasema, "Vaa viatu, twende." Na hasimami mbele. Anasimama nyuma ya mstari wa mwisho, kwa hiyo tunamfuata mtu tusiyemwona.

Tong Shaowu naye huja. Husimama mbali, kwenye mawe ya kufulia, hatua arobaini hivi chini yetu. Anafanya peke yake, na mabega bado yako juu, bado anasukuma. Mwalimu anaona. Hajawahi kwenda kumrekebisha, na yeye hajawahi kupanda.

Machi iliyopita, miaka minne baada ya msiba, tulikuwa kwa Xiurong tunatandaza hariri ya mfarishi, mimi nimeshika pembe mbili na yeye mbili, simu yake ikalia. Alikuwa Rui. Xiurong akaweka sauti wazi kwa sababu vidole vyake haviwezi kushika simu sikioni muda mrefu.

"Nina swali moja tu," sauti ikasema. Haikumwita mama mkubwa, haikumwita kitu chochote. "Zile asubuhi za mtoni. Mama alikuwa anazungumza nini?"

Xiurong akakaa. Akamwambia. Alimwambia kwamba mama yake alikuwa akiimba vibaya na kwa sauti kubwa. Kwamba alimsema yule mchumba wa kwanza wa Rui, mwenye shingo nyembamba, miezi sita mfululizo, na walipoachana akamlilia wiki nzima. Kwamba Rui alipopata darasa lake la kwanza, Yunfang alimpigia magoti kila mmoja wetu arobaini kwa mzaha, akisema, inameni na nyie, mimi ni mama wa mwalimu. Rui alicheka, kicheko kifupi cha mama yake kabisa, nami nikalazimika kuweka hariri chini.

Kisha Xiurong akasema, "Kuna jambo jingine. Siku niliyompeleka hospitali haikuwa siku niliyoyaona macho yake. Niliyaona jana yake. Aliniambia yanamuwasha. Nikajiambia ni mwanga wa jua unaorudi kutoka mtoni. Nikampa siku moja zaidi."

Tulisikia kengele ya shule upande ule, na watoto wakipiga kelele za mapumziko.

"Sawa," akasema Rui. Simu ikakatika.

Nilimgeukia. "Dada, kwa nini? Hilo hakukuuliza. Alikuwa anacheka!"

Xiurong alikuwa anatazama simu. "Ndiyo maana," akasema. "Alikuwa ameanza kunipenda tena."

Rui hajapiga tena tangu siku hiyo.